Barua za Kuacha Kazi Zilizo Kwenye Droo Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimebanwa kila upande. Nina zahanati yangu, vyumba vitano na wauguzi sita, na tangu niifungue kila ninayemwajiri husaini mkataba na papo hapo husaini barua ya kuacha kazi kwa hiari, tarehe tunaiacha wazi, naifungia kwenye droo, si kwa ubaya, ni kujilinda tu maana watu siku hizi wana maneno mengi, sasa mwezi uliopita shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye mkunga wetu, akachomwa na sindano iliyotumika kwa sababu kisanduku cha kutupia sindano kilikuwa kimefurika, mimi niliagiza vijae kabisa ndipo vibadilishwe, akaandika kwenye daftari la ajali, nikamwambia shemeji chana huo ukurasa tuyamalize kifamilia, wakaguzi wakiuona watanifungia, akanijibu, "Shemeji, niliyechomwa ni mimi, si daftari," basi hasira zikanipanda, nikatoa barua yake nikajaza tarehe ya wiki mbili kabla ya ajali ili ionekane alichomwa akiwa si mtumishi wetu, kumbe katika wiki hizo mbili alizalisha watoto kumi na mmoja na saini yake iko kwenye rejesta kwa kila mtoto, amepeleka nakala ofisi ya kazi, nimeitwa Alhamisi. Mke wangu hanisemeshi, neno lake la mwisho lilikuwa, "Kama na barua yangu imo kwenye hiyo droo, jaza tarehe niondoke." Je, nikiwaomba wauguzi waliobaki waseme alikuwa mtoro, itanisaidia?

Mwajiri niliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Umechoka na nini, bwana? Watoto kumi na mmoja amezalisha mwenzio!

Kuendesha zahanati ni kazi ngumu, na hofu ya kufungiwa naijua. Pole. Huruma yangu imeishia hapo.

Hiari gani hiyo inayosainiwa kabla mtu hajaonyeshwa hata choo kilipo? Unaita kujilinda. Unajilinda na nani, na watu wanaokuoshea vidonda vya wagonjwa wako? Halafu hata uongo wenyewe umekushinda. Ulirudisha tarehe nyuma bila kufungua rejesta iliyo mezani kwako, sasa wewe ndiye utakayemweleza afisa kazi kwamba watoto wale walizalishwa na mtu asiyekuwepo. Utaanzia wapi?

Wauguzi waliobaki waache kabisa. Ukiwafundisha uongo utaongeza kesi juu ya kesi, na hakuna hata mmoja atakayekuficha, maana kila mmoja anajua barua yake iko wapi.

Fungua droo leo, mrudishie kila mtu barua yake mkononi. Toa taarifa rasmi ya ajali, kama mwajiri yeyote anavyotakiwa. Mwandikie mkunga wako kwamba kazi yake ipo, na vipimo na dawa zake vyote ni juu ya zahanati. Visanduku vibadilishwe vikifika robo tatu, acha ubahili wa kijinga. Alhamisi nenda ukaseme ulichokifanya, na ukianza habari za "kifamilia" afisa atakucheka mbele ya watu, nami nitamuunga mkono.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika habari za wakaguzi, za droo, za mkeo kukununia. Mwezi mzima umepita tangu shemeji yako achomwe, na hakuna mahali ulipoandika kama ameshapimwa, wala majibu yamesemaje. Nenda kamuulize.