Ndama Kwenye Barabara ya Jeshi

Fairfax, Virginia
3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi haijaniachia masikio. Goti lako linaendeleaje?

Utafiti wangu umekwama. Naandika jinsi majeshi ya NATO yatakavyowahi kuzilinda nchi ndogo za Baltiki zikivamiwa. Nimepiga hesabu ya vifaru na madaraja, nikapata siku tatu. Profesa Cheryl, msimamizi wangu, kaandika pembeni kwa wino mwekundu: barabara zako hazina watu. Nikishindwa kumjibu kufikia mwezi wa tano, narudi bila shahada ya udaktari. Baba, Amin alipovamia mwaka 1978 ulikuwepo. Barabara ilikuwaje? Najua hupendi kuulizwa.

Binti yako,
Leokadia

Fairfax, 24 Machi

Baba, shikamoo. Dada Benadetha anasema u mzima, ila hujambo yenyewe unaitikia kwa shida. Kama nimekuudhi, nisamehe.

Binti yako

Kyaka, Kagera
9 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, nimeshalizoea.

Hukuniudhi. Ni aibu tu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikimbilia kusini tarafa nzima, na magodoro, wagonjwa, ng'ombe. Jeshi letu nalo linapanda kaskazini, barabara ni hiyo hiyo moja. Ndama wangu akalala mbele ya lori. Askari akashuka, akanizaba kofi: "Toka njiani, wewe! Unamsaidia adui!" Magari yalisimama hadi adhuhuri. Miaka yote hii najua nililichelewesha jeshi letu. Uandike au uache, shauri yako.

Baba yako,
Laurean

Fairfax, 16 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo mara mia! Nimefaulu!

Nilipiga hesabu upya, nikaweka familia zinazokimbia kwenye kila daraja. Siku tatu zikawa sita. Kwenye jopo la watahini alikuwemo kanali mstaafu, zamani wa makao makuu ya jeshi kule Arlington. Akauliza hayo nimeyatoa wapi. Nikamsomea barua yako. Akasema anayelichelewesha jeshi ni yule anayepanga vita bila kuwatengea raia njia yao. Umesikia, Baba? Si wewe! Mwezi ujao nawafundisha maofisa wenzake, na jina lako liko ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu. Kwa rafiki yangu Edah, mji jirani wa Herndon, tumepiga vigelegele hadi jirani akagonga mlango.

Binti yako,
Leokadia

Kyaka, 25 Mei 2025

Dokta wangu,

Marahaba! Barua nimeisomea ukoo mzima, na baba yako mdogo Silvanus akairudia mara mbili, eti nasoma harakaharaka. Nimelia mbele za watu, sijali. Goti nimelichezesha ngoma.

Mwambie kanali akiniita nakuja, na ndama nakuja naye. Safari hii sitoki njiani.

Baba yako,
Laurean