Faili la Hilda

Kigera, Musoma

Mpendwa Shangazi Dorkas,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kiriba, na goti limepunguza kuuma. Sisi hatujambo. Mume wangu Revocatus anakusalimu sana, na dagaa uliotuletea tumewala wote.

Shangazi, nimeona bora niandike, maana kwenye simu hunipi nafasi. Ulinituma nifungue faili la Hilda, mchumba wa kaka Werema, kwa kuwa umesikia alipima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwenye kituo chetu cha afya. Ulisema kuchunguza ukoo wa binti ni kazi ya shangazi tangu zamani, na kwamba watu wa Bunda wanafichaga magonjwa. Tena ukauliza nesi wa familia ana faida gani kama hawezi kuchungulia karatasi moja.

Ni kweli, kuchunguza ni kazi yako. Nenda Bunda, kanywe chai yao, uliza majirani. Lakini kilichomo kwenye faili ni cha Hilda. Sheria inanibana, na hata isingenibana nisingekuambia. Leo nikitoa siri yake, kesho nani ataniamini na yake?

Nikiri kwamba nilijaribiwa. Jumatatu nililichomoa lile faili, nikasoma jina lake juu, nikalirudisha bila kulifungua. Niliona aibu, nikaenda mwenyewe kumweleza matroni. Alinipa onyo la maandishi, na nimelistahili.

Ila siri yangu ni yangu, na hiyo nakupa. Unamkumbuka mdogo wetu Eliud, aliyefariki kwa selimundu. Miaka yote umesema ugonjwa ule ulitoka kwa ukoo wa mama, na mama akanyamaza. Iliniuma sana. Shangazi, mtoto haugui selimundu mpaka arithi kwa baba na kwa mama. Ulitoka na kwenu pia. Mimi nilipima kabla ya kuolewa: kinasaba cha ugonjwa huo ninacho, ingawa siumwi. Revocatus naye alipima, yeye hana, kwa hiyo watoto wetu hawataugua. Werema naye apime, kisha yeye na Hilda wakae na mshauri, waamue wenyewe.

Na kama kinasaba hicho kinamzuia binti kuolewa, basi anza na mimi. Wewe ndiye uliyepokea ng'ombe wa mahari yangu pale uani, ukapiga vigelegele. Warudishe kwanza, ndipo tumjadili Hilda.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Stellah