Saa Tano Kasoro Dakika Saba

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepona na kazi ya bandarini haikuchoshi sana. Sisi huku wazima, ila mimi tangu Jumapili nimekuwa kama mtu aliyeona radi mchana kweupe.

Habari yenyewe ni ya mama. Unakumbuka mwaka jana alimaliza marathoni kwa saa tano na dakika hamsini, wakati wafagiaji wameshaanza kuokota chupa. Mwaka huu akasema anataka kushuka chini ya saa tano. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, anayepiga pasi sare kiwandani kutwa nzima akiwa wima!

Kocha wa kikundi chao cha mbio alimpa ratiba mbili achague. Moja ilikuwa ya siku sita kwa wiki, mbio za kasi tupu. Nyingine ilikuwa ya siku nne, tatu za kukimbia polepole kiasi cha kuweza kupiga soga, na Jumapili mbio ndefu zinazoongezeka kidogo kidogo. Vijana walimcheka alipochukua ya pili. Mama akawajibu kwamba mwenda pole hajikwai. Kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo, aliniomba nimwandikie kwa herufi kubwa, tukabandika ukutani jikoni.

Kila Jumapili nilimfuata kwa baiskeli. Tukikaribia nyumbani aliniambia nitangulie, yeye anapita kwa shoga yake mara moja.

Siku ya mashindano nilisimama kilomita ya thelathini na tano. Watu walipita wameshika viuno, wengine wanalia. Kisha akaja mama, hatua zilezile fupi za asubuhi, akiwapita mmoja mmoja bila kumtazama mtu. Kaka, mwili ulinisisimka. Nilijiuliza kama huyu ndiye aliyetuzaa au kuna mwingine. Alimaliza kwa saa nne na dakika hamsini na tatu.

Sasa nikuungamie. Nilipoinakili ile ratiba niliipunguza. Palipoandikwa kilomita thelathini na mbili, mimi niliandika ishirini. Niliogopa moyo wake ungesimama barabarani. Jioni ile, nikimkanda miguu, nilishindwa kuvumilia nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alijua tangu wiki ya tatu, kocha alipomuuliza kilomita za Jumapili zimekwendaje, akataja nyingi kuliko zile za ukutani. Kwa shoga yake hakuwa akienda hata siku moja. Alikuwa akirudi barabarani kumalizia nilizokata. Akaniambia, “Nilijua unaniogopea, mwanangu. Ningekugombeza ya nini, na miguu ni yangu?”

Nimeona haya, kaka, lakini zaidi nimestaajabu. Miaka yote hii nimekuwa nikimhurumia mtu ambaye sijamjua.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu wote. Mama anasema uache kumtumia dawa za magoti, umtumie soksi.

Ni mimi mdogo wako,
mshona mapazia