Mchango wa Mboni

Milola, Lindi
9 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Tawakali,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nimeitika kabisa tusimalize karatasi. Hujambo huko Bukoba na ndizi zao? Mimi mzima. Meno yamebaki mawili, nayo hayaonani.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu ilituponza. Nilikuambia dada yako Mboni ana mchango, ukajibu, "Hongera, babu, harusi lini?" Si mchango wa harusi, we punguani. Mchango wa tumbo.

Na huo mchango wenyewe haukuwa mchango. Tumbo lilianza kumkata na kumwendesha, likapoa, likarudi. Milola nzima ikasema mchango huo, akanyweshwa mizizi na dawa za minyoo mpaka wakafa hata minyoo wa jirani. Mwili ukazidi kwisha, choo kikaja na damu.

Daktari wa mjini kampitisha kamera tumboni, kasema ni ugonjwa wa Kroni. Jina kama la Mgiriki wa shamba la mkonge. Kwetu huku ni adimu, ndiyo maana hakuna aliyeudhania. Chanzo chake hasa hakijulikani. Koo nyingine zinao, ila hauambukizi, wala si mkono wa mtu. Nilivyomwelewa mimi, kinga ya mwili ni sungusungu, sasa wameacha wezi wanampiga mwenye nyumba. Utumbo ukavimba, ukatoka vidonda, vidonda vikaacha makovu, leo njia imebana hata uji unapita kwa shida. Wiki ijayo watamkata kipande. Na bado, kasema, ugonjwa waweza kurudi.

Sina tumaini, Tawakali. Nimezika wengi, nawajua wanavyoanza kuondoka.

Unajua tangu mdogo namwita mke wangu. Jana nikamwambia hunipikii siku hizi, nakwenda Rutamba kuoa mwingine. Zamani ningekula ndala ya kichwa. Jana kageukia ukutani, akasema, "Oa tu, babu."

Njoo kabla hawajamkata. Mizizi usilete. Njoo na huo mdomo wako mchafu, unitukane mbele yake mpaka anitetee.

Mama yako Naima anakusalimu, usiku halali. Mjomba wako Bashiru naye salamu. Mungu akulainishie njia, na huyu mmoja atuachie.

Wako akupendaye, babu yako na shemeji yako,
Kibwana