Mchekeshaji Mkubwa Kuliko Wote ni Kukhu Wangu

Jumatano, 6 Agosti 2025

Leo hakuna aliyesukwa vizuri. Makosa ni ya Mitchel — nilimwajiri awaoshe wateja nywele, si kuanzisha bunge. Ameshika kichwa cha mwanafunzi ndani ya beseni, povu mpaka masikioni, akatangaza ati mchekeshaji mkubwa kuliko wote, tangu dunia iumbwe, ni yule kijana wa kwenye simu anayejifunga leso na kuiga mama akitafuta mwiko wake. Tangu dunia iumbwe! Kijana mwenyewe hata miaka miwili hajamaliza akijulikana.

Bwana Osiako akasikia. Ni fundi wa nguo, cherehani yake iko pale verandani, na kati yake na saluni yangu kuna mbao tu. Akaingia na futi shingoni. Hao wa simu, akasema, ni watoto wanaocheza. Wachekeshaji walikuwa wale wa televisheni ya zamani, Jumapili jioni, kijiji kizima ndani ya nyumba moja, na betri ya gari inakufa kabla mambo hayajaisha. Watu wanarudi makwao gizani wakijimalizia kichekesho wenyewe. Halafu akapanda juu zaidi: hata hao si kitu mbele ya wazungu wa filamu za kimya, waliokuwa wakianguka tu bila kusema neno, na dunia nzima inashika mbavu.

Mwanafunzi akapiga kelele kutoka kwenye beseni kwamba tumewasahau wale wawili wa redio ya asubuhi. Maji yakamwingia puani.

Basi tukapiga kura kwa rola za nywele. Nyekundu ni wa simu, bluu ni wa Osiako, njano ni wa redio. Mimi nikachukua ya kijani. Ya nani hiyo? Nikasema ya Kukhu wangu, bibi yangu wa Khwisero.

Walicheka, ila si kwa kuniunga mkono. Mitchel anauliza ana wafuasi wangapi, kuku wahesabiwe au wasihesabiwe.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikulala vizuri kwa ajili ya rola. Mtu mzima mimi.

Asubuhi nikawapa ushahidi. Siku ya mazishi ya Guga, babu yangu, pasta anahubiri, jua linachoma, watu wamechoka mpaka marehemu amechoka. Kukhu — mjane, juzi tu amefiwa — akanyoosha mkono. Akamwambia pasta afupishe, kwa sababu huyu mzee katika maisha yake hajawahi kukaa macho hadi mwisho wa mahubiri, asije akaaibishwa leo. Pasta mwenyewe alilazimika kugeuka aangalie migomba. Sisi tuliokuwa tukilia tukacheka, halafu tukalia vizuri zaidi.

Mteja wa kitini akachukua rola ya kijani bila kuambiwa. Osiako akakuna shingo. Akasema kuchekesha watu waliokuja kucheka ni kazi ya yeyote, wamelipa, wameshajiandaa. Bingwa ni yule anayemchekesha mtu aliyekuja na uso wake umefungwa. Kwa hiyo Kukhu anampa nusu kura yake. Nikamwambia rola haina nusu. Akachukua ile ndogo ya nywele fupi, akaiweka.

Jioni nikamsimulia Kiptoo, mchumba wangu, nikidhani atacheka. Akacheka kweli, kisha akakuna kichwa. Nikamuuliza una nini? Akasema, "Huyo Kukhu atakuwepo Jumamosi ya wiki ijayo?"

Sasa ndio nimekumbuka. Jumamosi ya tarehe kumi na sita watu wake wanatoka Lumakanda kuja kwetu kujuana. Baba yake, Mzee Kipngeno, ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Na Kiptoo ameniambia waziwazi hatamkaidi baba yake. Nampenda kwa hilo na namchukia kwa hilo.

Mzee anachekanga? nikauliza. Kiptoo akafikiri sana. Mara moja walidhani anacheka, kumbe amekwamwa na mwiba wa samaki.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoka Khwisero sasa hivi. Viatu vimejaa udongo, na moyo hauko sawa.

Kukhu alikuwa nje ya jikoni akichambua mboga. Hata salamu ya mulembe hakunimalizia — akaanza. "Mke mwenza wangu amekuja! Huyo bwana wetu ni mrefu? Maana mimi sitaki kurithi suruali za kukata." Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na mwanamume atakayemleta ni bwana wa wote wawili. Mama yangu hawezi hata kukaa karibu na mkwe, heshima imewatenganisha, lakini bibi yeye ana ruhusa ya kusema lolote. Na Kukhu anaitumia ruhusa yote.

Nikamuomba. Polepole, nimepiga magoti kabisa. Nikamwambia hawa ni watu wa kule juu, si kabila letu, hawajui utani wetu, na mzee wao ni mkali. Jumamosi awe tu mtulivu, asalimie, akae.

"Nikae kama nani?"

Kama bibi wa heshima, Kukhu.

Aliniangalia. Akaendelea na mboga, akitupa mabua mbali kuliko kawaida. "Sawa," akasema. "Nitanyamaza mpaka waulize mazishi ni lini."

Nilicheka mimi, yeye hakucheka. Na huwa ananisindikiza hadi barabarani, akiwaambia wapita njia uongo juu yangu. Leo alisema magoti yanamuuma.

Jumatano, 13 Agosti

Sikutaka kusema, lakini saluni haina siri. Mitchel alinibana hadi nikatoa.

Akaacha kuosha. "Yaani wewe ndiye umempigia kura, na wewe ndiye umemfungia?" Osiako akaingia, safari hii bila futi. Akasema ameona timu nyingi zikikosea, lakini kumkalisha mshambuliaji kwenye benchi siku ya fainali, hapana, hilo hajaona. Mteja wa rola ya kijani akaomba kura yake arudishiwe.

Nikawajibu kwa hasira. Ni rahisi kwao. Kwao ni mjadala, kwangu ni ndoa. Kijana wa simu akikosea anafuta, anaweka nyingine. Kukhu akikosea Jumamosi, mimi nitafuta nini?

Mitchel akaniletea chai bila kutumwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilimshukuru. Lakini sitabadilisha neno langu.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama amepiga simu. Kukhu anafanya mazoezi. Tangu jana haongei na mtu, hata kuku anawafukuza kwa mkono tu. Jirani amekuja kuuliza kama ana homa.

Nguo yangu ya kesho iko tayari. Osiako ameishona bure na hajataja kura hata kidogo. Nadhani ananionea huruma, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Alfajiri. Ingokho wanne, kuku wa wageni, wameshakamatwa. Mvua iko mbali. Mungu, nisaidie.

Saa sita hivi. Wamefika — Kiptoo, wazazi wake, na wazee wawili. Mzee Kipngeno ni mrefu, koti la kijivu, kofia haivuliwi. Uso wake! Kama mlango wa ghala siku ya Jumapili. Amesalimia kila mtu kwa mkono, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Kukhu amesalimia na kuketi pembeni. Bibi wa heshima kabisa. Mambo yanaenda vizuri.

Saa tisa. Chumbani kwa Mama. Lazima niandike au nitapiga mayowe.

Hayakuenda vizuri. Walikula obusuma, ugali wetu, na ingokho, wakasifu. Baba mdogo Wandera, mtoto wa Kukhu, anayesema kwa niaba yetu, akaanza maneno. Lakini nikaona anaongea huku jicho liko kwa Kukhu. Na mashangazi jicho kwa Kukhu. Wanasubiri. Yeye kimya, mikono mapajani. Maneno ya Wandera yakapungua, yakapungua, yakaisha katikati ya sentensi.

Akaniita jikoni. "Mama amemkataa huyu kijana."

Nani amesema?

"Hajamwita bwana. Hajamuuliza kama atamlisha. Hajamtukana hata kidogo, Zilpah! Tangu nizaliwe sijaona bibi akimnyamazia bwana wa mjukuu wake ila kama hamtaki. Mimi siwezi kuendelea na maneno juu ya kichwa cha mama yangu."

Nilitaka kumweleza. Kabla sijapata neno amesharudi sebuleni na kuwaambia wageni asante kwa kuja, chakula kimeliwa, sisi tutakaa kama familia halafu tutawatafuta. Kila mtu anajua maana ya tutawatafuta, hata watu wa Lumakanda wanaijua. Mzee Kipngeno akatikisa kichwa mara moja. Akasimama. Kiptoo akaniangalia kama nimempiga kofi. Nje dereva akawasha gari.

Nikamkimbilia Kukhu. Alikuwa bado pembeni pale, wa heshima, machozi yamemlengalenga. Kumbe naye alikuwa ameona yote na akatunza ahadi aliyonipa! Nikapiga magoti mbele za watu. Nikamwambia Kukhu nimekosa, nilikuwa mjinga, fungua mdomo.

"Kiasi gani?"

Wote, Kukhu.

Akashika bakora. Nilidhani anamwendea Kiptoo. Akampita. Akaenda akasimama mlangoni, mbele ya Mzee Kipngeno, kimo chake kinafika kwenye kifungo cha pili cha koti. Akamkagua kutoka chini hadi juu.

"Haka kavulana ni ka mke mwenza wangu, akachukue," akasema, akimwonyesha Kiptoo. "Lakini wewe, watu walikuficha wapi miaka yote hii, mpaka mimi nikaolewa na mtu wa kusinzia kanisani?"

Mama akashika ukuta. Mama yake Kiptoo akafunika mdomo kwa leso. Mimi nikawa naona ndoa yangu ikipanda gari peke yake kwenda Lumakanda.

Mzee akamtazama. Uso uleule, hakuna kilichosogea. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa taratibu.

"Mimi ni mfugaji," akasema. "Kwetu hatuchukui bila kuangalia meno."

Wandera akapaliwa na mate, akaanza kukohoa.

Na Kukhu wangu, asiyeshindwa na pasta wala chifu — Kukhu alikosa jibu. Nimeona kwa macho yangu. Kisha akapanua mdomo, wote, meno yake matatu yakaonekana. Mzee akainama. Akachungulia upande huu, akachungulia upande ule, kwa makini kabisa, kama mtu wa kazi. Akamgeukia mkewe akasema maneno ya kwao, na yule mama akatoka nje mbio, mabega yanamtikisika. Kiptoo ametoa macho, anaulizwa na kila mtu baba yako amesema nini, naye anasema hawezi kutafsiri mbele ya mashangazi.

Mimi ndipo nikakimbilia huku chumbani.

Hakuna anayecheka bado. Wanaogopa. Wandera anaendelea kukohoa. Lakini nimesikia sauti ya mzee, nzito, akimwambia dereva azime gari, maneno hayajaisha. Nimechungulia. Amerudi kuketi, na hakurudi kwenye kiti chake — amevuta kigoda hadi karibu na Kukhu, kofia iko kwenye goti. Amemuuliza swali kwa sauti ya chini, na Kukhu ameanza kujibu akihesabu vidole.

Mama ananiita nipeleke chai. Nimeshika trei mara mbili, mara mbili nimeirudisha. Sijui nitapitaje katikati ya hao wawili bila kumwaga.