Methanoli na Mitungi ya Maziwa

Jumatatu, 9 Juni. Kutulo.
Slaidi zote mbili za Hodan hazisomeki. Amesema Farah, fundi wa maabara, asubuhi hii. Methanoli ya kushikiza sampuli kwenye kioo ilikwisha. Alijaribu rangi bila hiyo, uboho uliochomolewa nyongani ukaondoka na maji. Hodan ni mtoto wa dada yangu Habiba. Miaka sita, homa ya miezi miwili, wengu umevimba. Nilikuja kuandika habari za redio kuhusu kala-azar, homa ya vimelea inayoenezwa na usubi, nikamkuta wodini. Vipimo vya haraka hakuna. Daktari hataanza sindano kabla kimelea hakijaonekana.

Jumanne, 10 Juni.
Methanoli ipo Wajir. Gedi, dereva wa gari la maziwa ya ngamia, amekataa kuibeba. Nilishaandika sentensi: dereva achelewesha matibabu ya mtoto. Nikampigia kwanza.
"Ndugu, hiyo kitu inapofua watu macho. Nyuma niko na mitungi ya maziwa. Ikimwagika, wewe utakunywa?"
Nimekata simu. Nimefuta sentensi.

Jumatano, 11 Juni.
Hodan ametoka damu puani. Hataki kula kitu. Habiba anataka nimsukume daktari. "Wewe si unasikika redioni?" Nimekwenda. Daktari anasema dawa ni kali, akikosea atamuumiza bure. Yuko sahihi. Nimemchukia hata hivyo. Nimezunguka ua wa hospitali mpaka askari wa lango akaniuliza nimepoteza nini.

Alhamisi, 12 Juni.
Gedi amefika. Mitungi ameiacha Wajir. Chupa imesafiri peke yake, imezikwa kwenye karai la mchanga.
"Leo kina mama hawana cha kutilia maziwa," amesema. "Watanitukana. Nitawaonyesha wewe."
Hodan amechomwa nyonga tena.
"Abti, ulisema mara moja tu," ameniambia.
Kweli nilisema. Mjomba mtu, na sikuwa na uhakika wowote.

Ijumaa, 13 Juni.
Baada ya swala Farah ameniita kwenye darubini. Vidoa vya zambarau, kila kimoja na kijiti kidogo ubavuni. Vimelea. Hakutabasamu, wala mimi. Habiba amelia kidogo, kisha akaenda kufua nguo za mtoto. Nimempigia Gedi. Amesema alhamdulillahi, akauliza karai lake liko wapi.
Sindano ya kwanza ni kesho, saa mbili asubuhi. Halafu kila siku, zaidi ya wiki mbili. Hodan amelala. Akiamka nitamwambia ni sindano zote hizo, si moja.