Saini Yako, Sista Kabula

Sista Kabula,

Shikamoo. Najua marahaba haiji, lakini nimeshindwa kuanza kukuandikia bila hiyo salamu. Nilijaribu mara mbili, nikajiona mtoto asiye na adabu.

Nina habari mbili, moja njema na moja ya aibu. Naanza na ya aibu, maana ungenitazama usoni ungejua kuna kitu, na usingenipa hata chai kabla sijakisema.

Niliiba saini yako.

Ulipokwenda likizo kwa ajili ya ile presha, daftari langu la mazoezi lilikuwa limebakiza wagonjwa sita. Sita tu, kisha chuo kiniruhusu kufanya mtihani wa cheti cha uuguzi wa saratani. Uliniambia niendelee na kazi na kujaza kurasa, wewe ukirudi ungepita kwa wagonjwa kama kawaida yako. Hiyo kawaida yako ilitutesa wote pale wodini. Wasimamizi wengine wanasaini mezani, kikombe mkononi. Wewe ulichukua daftari, ukaenda kukaa kitandani kwa mgonjwa, ukamsalimia kwa Kisukuma, ukamwuliza, "Huyu binti amekueleza nini?" Akishindwa kusema kwa maneno yake mwenyewe, ulirudi na daftari bila saini na bila maelezo. Devota, mwenzangu wa zamu, alikuwa anasema ungemnyima saini hata Luka tabibu wa kwenye Biblia.

Hukurudi. Wiki ya pili ya likizo tukapigiwa simu kwamba umeanguka jikoni na hukuamka. Tulikuzika kwenu, ng'ambo ya Busisi. Siku ile foleni pale Kigongo ilikuwa ndefu, na jeneza lako likangoja kivuko pamoja na malori, wewe uliyekuwa huna subira na kivuko hata kidogo. Sasa daraja limefunguliwa, Sista. Mwezi uliopita nililipita kuja kaburini kwako, ikawa dakika chache tu, na badala ya kufurahi nilikasirika. Nilitaka wewe ndiye uvuke.

Msiba ulipokwisha, zilibaki siku chache za kupeleka madaftari chuoni. Devota, ambaye unajua hana uchoyo wa ushauri, akaniambia nisaini mwenyewe. Kazi nimeifanya, wewe ulikuwa umeniruhusu, na saini yako tunaijua wote, ile K kubwa yenye mkia. Nilikataa. Kesho yake mchana nikaingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikaijaribu nyuma ya karatasi chakavu mpaka mkia ukakaa sawa. Kisha nikasaini ukurasa mmoja, wa Mama Minza wa Magu. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Mama Minza ana saratani ya titi. Nilikuwa nimempa dripu yake ya kwanza ya dawa ya saratani wewe ukiwa likizo, na nikamweleza vizuri, au hivyo nilidhani. Kwamba dawa hii inashusha kinga ya mwili. Kwamba akisikia homa asingoje, asinunue kitu dukani, aje hospitali siku hiyohiyo. Aliinamisha kichwa akasema ndiyo, sista. Ndiyo, sista. Nikaandika kwamba mgonjwa ameelewa. Pembeni yake alikuwa amekaa baba mkwe wake, ndiye aliyemleta kwa kuwa mumewe yuko machimboni. Wewe ungemtuma mzee yule akatafute chai kabla hujafungua mdomo. Mimi, Msukuma mzima, niliyelelewa na mama asiyeweza hata kula mbele ya mkwe wake, nilimweleza mwanamke habari za titi lake mbele ya baba wa mume wake, kisha nikajisifu kwamba nimepata mgonjwa msikivu.

Siku mbili baada ya mimi kusaini, aliletwa amebebwa. Homa ilikuwa na siku nne. Nyumbani walisema malaria, kama tunavyosema wote huku ziwani kila mwili ukichemka, wakampa dawa ya malaria wakangoja. Tulimweka chumba cha peke yake. Niliomba zamu zote zilizohusu chumba kile, na kila nilipomhesabia mapigo ya moyo nilikuwa naongea na wewe kimoyomoyo, nakuomba usimchukue. Samahani. Nilichanganyikiwa, kana kwamba wewe ndiye unayechukua watu.

Alipona. Alipopata nguvu ya kukaa, tukiwa wawili tu, nikamwuliza kwa nini hakuja mapema ilhali nilimweleza. Alinitazama kwa upole, na ningependa angenitukana.

"Sista, ulikuwa unasema mbele ya mkwe wangu," akasema. "Mimi nilikuwa naomba tu umalize."

Na kwenye daftari, saini yako ilikuwa inasema ameelewa.

Nilimpelekea matroni daftari siku ileile nikamweleza kila kitu. Aliyoniambia siyarudii hapa, ila alikuwa na haki. Nilipewa onyo la maandishi, nikakosa mtihani wa awamu ile, na nikatakiwa kurudia wagonjwa wote sita chini ya msimamizi mwingine. Devota alininunia wiki nzima, akisema nimejichongea mwenyewe. Majuto ni mjukuu, ulipenda kutuambia. Basi huyu wangu alikuja mapema kuliko wa watu wote.

Msimamizi mpya ni Kaka Faustine, kijana mpole aliyehamishiwa wodi yetu baada yako. Ukurasa wa kwanza alitaka kuusaini palepale mezani. Nilimwomba aende kwanza kwa mgonjwa. Alicheka, akadhani namtania, kisha akaenda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alinirudishia daftari bila saini, na tangu siku hiyo hajasaini tena mezani. Nilirudi kueleza upya mara mbili kwa mgonjwa yule. Ningetamani uwepo uione sura yangu, ungecheka mpaka ushike kiuno.

Basi, habari njema. Nimefaulu. Kwenye mtihani wa vitendo walimwaga maji mekundu sakafuni, yawe kama ile dawa nyekundu ya saratani inayounguza ngozi, nami niyasafishe. Nilivaa glovu mbili na gauni, nikapiga magoti, na ghafla sikuwa tena kwenye chumba cha mtihani. Nilikuwa sebuleni kwako Ilemela, Jumamosi asubuhi, umemwaga juisi ya rozela kwenye sakafu yako mwenyewe, sisi wanafunzi wako tunatokwa jasho ndani ya magauni, na wewe umekaa kitini unatafuna michembe, vile viazi vyako vikavu. "Kutoka pembeni kwenda katikati. Bado. Rudia." Mtahini aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni mafua.

Lile doa la rozela halionekani tena. Binti yako ameweka marumaru. Ni nzuri, nyumba inapendeza, nilimsifia, halafu nikatoka nje nikalia kwenye mawe yale mnapoanikia nguo. Nimekukosa, Sista. Siku ya matokeo nilifungua jina lako kwenye simu, nikaliangalia mpaka kioo kikazima.

Siku hizi Jumamosi wanakuja kwangu, wauguzi wanne, na sebule yangu ni ndogo kiasi kwamba mmoja anasomea mlangoni. Devota yumo. Ndiyo, huyo huyo. Matroni ameniruhusu kuwasimamia, na leo mchana Devota aliniletea ukurasa wake wa kwanza. Nilichukua daftari nikaenda kitandani. Mgonjwa, bibi mmoja mvuvi wa dagaa, alinisimulia vizuri sana habari za wajukuu wake, lakini habari za dawa hakuwa nazo hata moja. Nilimrudishia Devota daftari lake bila kusaini. Aligeuza kurasa, akanikazia macho, akasema, "Kabula amekufa, lakini naona amekuachia wewe roho mbaya." Akaondoka amekasirika. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya wodi na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Pumzika sasa, Sista wangu. Ahadi yangu ni hii: kesho asubuhi nitakwenda kwa yule bibi pamoja na Devota, tutakaa wote wawili, na hatutainuka mpaka aweze kutueleza yeye mwenyewe. Hata jua likituzamia palepale.

Mwanafunzi wako,
Leah